Maswali ya Wasomaji: Posa, Mafiga Matatu na Neno "Kuzimu"

SWALI: Mchungaji, shikamoo. Mimi ni Mmethodisti niliyezaliwa Ribe na kuolewa hapa Malindi. Binti yangu ameposwa na kijana Mkatoliki, mtu wa adabu na mwenye kazi yake. Mahari tumekwisha kuizungumza, lakini kaka yangu, ambaye neno lake halipuuzwi nyumbani kwetu, amesema hawezi kumtoa mtoto kwa watu wa dini nyingine. Je, Wakatoliki na sisi tuna imani moja au mbili? — Mama wa Bibi Arusi, Malindi

JIBU: Marahaba, mama, na hongera kwa posa. Mjomba ana haki ya kuuliza, maana mjomba asiyeuliza hapa kwetu huhesabiwa kuwa hajali. Lakini neno alilolichagua halifai. Mkatoliki na Mmethodisti ni watu wa madhehebu mawili; dini yao ni moja.

Ushahidi wa kwanza mnao midomoni mwenu. Mwaka jana nilihudhuria mazishi hapa Malindi, na chini ya turubai moja walikaa Wakatoliki upande wa kulia nasi upande wa kushoto. Ilipofika zamu ya Kanuni ya Imani, wao walianza na "Nasadiki", sisi tukaanza na "Namwamini". Wao wakasema "mbingu na dunia", sisi tukasema "mbingu na nchi". Kwa sentensi mbili tatu ilikuwa fujo, kila upande ukipandisha sauti kidogo ili usimezwe na mwenzake. Kisha tukafika kwa Bikira Mariamu, Pontio Pilato, msalaba, kaburi na siku ya tatu, na hapo sauti zikakutana zenyewe, kwa sababu habari inayosimuliwa ni moja: Mungu mmoja aliyeumba vyote, Mwana wake wa pekee aliyezaliwa, akateswa, akafa, akafufuka na atakayerudi kuhukumu, Roho Mtakatifu, Kanisa, ondoleo la dhambi, ufufuo na uzima wa milele. Mtu akiniuliza imani ya Wamethodisti ni ipi, humpa hayo kwanza, wala siyaoni kuwa mali yetu peke yetu.

Tena Wesley mwenyewe, aliyeanzisha Umethodisti, hakudai kuwa ameleta imani mpya. John Wesley alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza, akafa mwaka 1791 akiwa bado kasisi wa kanisa hilo. Mwaka 1784, alipowatengenezea Wamethodisti wa Marekani muhtasari wa mafundisho, alivichukua vile Vifungu 39 vya kanisa lake, akavipunguza vikabaki 24, nao Wamarekani wakaongeza kimoja kuhusu serikali yao, ndipo vikawa 25. Kifungu cha kwanza ni cha Mungu mmoja katika Utatu, cha pili ni cha Kristo, Mungu kweli na mwanadamu kweli, cha tatu ni cha ufufuo wake, na cha nne ni cha Roho Mtakatifu. Askofu wa Roma, yaani Papa, angeweza kuvitia saini hivyo vinne bila kuuliza swali. Ni kweli kwamba kifungu cha 14 kinakataa toharani, yaani kutakaswa kwa roho baada ya kifo, na cha 18 kinakataa fundisho la kwamba mkate na divai hugeuka na kuwa kitu kingine. Mjomba akivishika hivyo, anayo hoja. Ninachomwomba ni asome kwa mpangilio wa kitabu, aanzie kifungu cha kwanza kabla hajafika cha 14.

Historia ya pwani yetu nayo inamjibu. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa Mjerumani aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri, akatumwa na chama cha wamisionari cha Waanglikana. Na ni huyo huyo aliyewaongoza Wamethodisti wa kwanza kuja pwani mwaka 1862, wakati Thomas Wakefield alipokuja kuanza kazi hapo Ribe ulipozaliwa wewe. Mlutheri wa Waanglikana akiwapokea Wamethodisti! Angekuwa na wasiwasi wa mjomba, Ribe yenu ingekuwa na habari nyingine.

Hata jambo lililowagawanya watu wa Ulaya kwa damu katika karne ya 16, yaani mtu anahesabiwaje haki mbele za Mungu, limezungumzwa upya. Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja mwaka 1999, na Baraza la Wamethodisti Ulimwenguni likajiunga nalo mwaka 2006: wokovu ni neema ya Mungu katika Kristo, haununuliwi kwa matendo, na matendo mema ni matunda yake.

Sasa, mama, nisikufiche yaliyobaki. Wao wana sakramenti saba, sisi mbili. Wao wana Papa, sisi hatuna. Meza ya Bwana kwetu iko wazi kwa kila ampendaye Bwana na kutubu, ilhali mkweo hataruhusiwa na kanisa lake kuipokea kwetu, wala binti yako hatapokea kwao. Hilo litawauma Jumapili nyingi, na ni heri walijue kabla ya arusi. Ubatizo wa binti unatambuliwa, kwa hiyo mtu akisema lazima abatizwe tena, mwulize padre mbele yake. Kanisa Katoliki litahitaji ruhusa ya askofu kwa ndoa ya namna hiyo, na kijana ataahidi kufanya awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika kanisa lake. Hapo ndipo ningependa mjomba aupeleke ukali wake: akae na vijana wote wawili, awaulize watoto watasali wapi, na asiridhike na jibu la "tutaona".

SWALI: Mchungaji, nafundisha Mokowe na ninaishi kisiwani Lamu. Barazani petu kuna mzee Mwislamu, jirani mwema sana, aliyeniuliza: "Mwanangu, mwasema Mungu ni mmoja, kisha mwahesabu watatu, hesabu hiyo mwaifundisha darasa gani?" Nilimjibu kwa mfano wa mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja. Akacheka, akasema, "Hayo ni mawe matatu." Nikanyamaza. Ningejibu nini? — Mwalimu wa Hesabu, Lamu

JIBU: Mzee alisema kweli, na ungemwambia hivyo pale pale. Mfano wa mafiga nimeusikia mimbarini tangu utotoni, nami ningefurahi uzikwe. Figa moja ukiliondoa, mengine mawili yanabaki mawe kamili. Hiyo ndiyo imani ya miungu watatu, jambo ambalo hakuna kanisa la kale wala la Wesley lililowahi kulifundisha. Mfano wa maji, barafu na mvuke nao una kasoro ya upande wa pili, kwa kuwa unamfanya Mungu kuwa mmoja anayebadili mavazi, leo Baba, kesho Mwana, wakati Yesu alipobatizwa Yordani Mwana alikuwa majini, Roho akashuka, na sauti ya Baba ikasikika kwa saa hiyo hiyo.

Anza mahali ambapo wewe na mzee mmekaa pamoja. Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu alijibu, "Sikia, Israeli, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja" (Marko 12:29). Mkristo asiyeweza kuyasema maneno hayo kwa moyo wote hana haki ya kuutaja Utatu. Kisha mwonyeshe kwamba katika Mathayo 28:19 tunaagizwa kubatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Ni jina, si majina. Wewe ni mwalimu, utajua namna ya kukaa juu ya umoja na wingi wa neno hilo.

Mwaka 325 maaskofu walikutana Nikea kwa sababu Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, hata kama ni kiumbe wa juu kuliko wote. Jibu lao, ambalo Wamethodisti, Waanglikana, Wakatoliki na Waorthodoksi wanalikiri hadi leo, ni kwamba Mwana alizaliwa bila kuumbwa, naye ana uungu mmoja na Baba. Hapo mzee hatakubaliana nawe, wala usimtarajie akubali. Hapo ndipo imani zenu zinapoachana, na ni heshima kwake kumwonyesha mahali penyewe badala ya kumzungusha kwa mafiga.

Akikuuliza inakuwaje, una ruhusa ya kusema hujui. Wesley, katika mahubiri yake juu ya Utatu, hakutaka kumlazimisha mtu atumie hata neno lenyewe "Utatu". Alichosisitiza ni kuamini kwamba ndivyo ilivyo, akaacha namna yake kwa Mungu. Mtu hutumia nuru ya jua mchana kutwa asijue jinsi inavyofika.

SWALI: Kijitabu cha ibada cha vijana wetu kimeacha maneno "akashuka kuzimu" katika Kanuni ya Imani. Je, Wamethodisti hatuyaamini? — Kijana wa Kwaya, Malindi

JIBU: Wesley alikiondoa kifungu kizima kilichohusu jambo hilo alipovipunguza vile Vifungu 39 vya Kanisa la Uingereza, na vitabu vya Wamethodisti wa Marekani kwa miaka mingi viliichapa Kanuni ya Imani bila maneno hayo. Shida yao kubwa ilikuwa ya lugha: kwa Kiingereza neno linalotumika ni lile lile la mahali pa mateso, na watu waliogopa kusema kwamba Bwana alikwenda kuchomwa. Sisi Kiswahili kimetuhurumia. Tuna jehanamu, na tuna kuzimu, makao ya waliokufa, waliko mababu. Petro siku ya Pentekoste alisema kwamba roho ya Kristo haikuachwa kuzimu (Matendo 2:31), na maana yake kwetu ni nyepesi kueleweka: alikufa kabisa, akafika wanakofika wafu, kisha akatoka. Kama kitabu cha kanisa lenu kinayo maneno hayo, fuateni hicho, na anayeongoza ibada ayasome bila kunong'ona.