Maswali Yenu: Sala na siku jinsi ilivyokwenda

"Nasali kila usiku, kesho yake hasira ni zile zile"

*Kila usiku nasali kabla ya kulala, na mara nyingi usingizi unanichukua katikati ya Baba Yetu. Mchana mimi ni yule yule: namfokea dada wa kazi, nafokea watoto, jioni najuta. Padri alitutajia kuchunguza dhamiri ila hakueleza namna. Naomba hatua.* – Mama wa watoto watatu, Morogoro

Dada yetu, tuanze na usingizi, maana huo si suala la imani. Mtu aliyeosha vyombo mpaka saa nne usiku akaanza kusali akiwa ameshajifunika shuka atalala tu. Isogeze sala mapema, mara watoto wanapoingia kitandani, na ukae kwenye kiti kigumu. Dakika kumi zinatosha. Ukijipangia nusu saa, wiki ya pili utaanza kuikwepa.

Njia aliyoitaja padri wako huenda ni ile ya Inyasi wa Loyola, askari wa Kihispania aliyevunjwa mguu na mzinga kule Pamplona mwaka 1521, ambaye baadaye aliongoza wenzake kuanzisha shirika la Wajesuiti. Imo katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu alichokiidhinisha Papa Paulo III mwaka 1548, na ina hatua tano: kushukuru, kuomba neema ya kuzijua dhambi zako, kuipitia siku saa kwa saa tangu ulipoamka, kuomba msamaha, na kuazimia kujirekebisha. Mwishoni husaliwa Baba Yetu.

Wengi huiruka hatua ya kwanza na kukimbilia dhambi. Ndiyo maana wanainuka wazito kuliko walivyokaa. Taja vitu viwili au vitatu vya leo hii hii: mtoto aliyepona homa, jirani aliyekuazima jiko. "Nashukuru kwa uhai" ni kweli, lakini ungeweza kuisema bila kuikumbuka siku yenyewe.

Kazi kubwa iko hatua ya tatu. Anza na saa kumi na mbili asubuhi: uji, sare za shule, viatu visivyoonekana. Nani alikuwapo, ulisema nini, kwa sauti gani? Usikubali jibu la "nilikuwa na hasira". Sema: "Chai ilimwagika, nikamwita binti wa watu mjinga mbele ya watoto wangu." Tendo likitajwa namna hiyo unaweza kulitubu na kulirekebisha, "hasira" kwa jumla utaisikitikia tu, kesho uendelee nayo. Kisha rudi nyuma kidogo uulize ni nini kilitangulia ile chai. Mara nyingi utakuta umechelewa kuamka, au ulikuwa umetoka kusoma ujumbe wa ada ya shule. Hapo umeufikia mzizi.

Msamaha nao una pande mbili. Mungu anaombwa kwenye kiti, yule binti anaombwa jikoni, na ikiwa alitukanwa mbele ya watoto, watoto nao wasikie akiombwa radhi.

Azimio liwe na mahali na wakati wake. "Nitakuwa mpole" halimfikishi mtu saa tatu asubuhi. Jaribu hili: "Kesho nikimhitaji sitamwita kwa sauti toka chumbani, nitamfuata alipo." Kuitana chumba kwa chumba hupandisha sauti hata pasipo ugomvi.

Kwa kosa moja sugu kama hili, Inyasi alikuwa na zoezi jingine. Asubuhi unaazimia kujihadhari na kosa hilo moja tu. Baada ya chakula cha mchana unahesabu mara ulizoanguka na kuweka nukta kwenye mstari, na baada ya chakula cha jioni unafanya vivyo hivyo kwenye mstari wa pili. Kila unapoanguka unaweka mkono kifuani, jambo linaloweza kufanywa hata mbele za watu bila wao kulitambua. Unalinganisha siku na siku, halafu wiki na wiki. Karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati inatosha. Usishtuke nukta zikiongezeka siku za mwanzo: kufoka kulikuwapo, ila hakukuwa na wa kuhesabu. Lakini kama wewe ni mtu wa kujishutumu hata kwa yasiyo dhambi, acha nukta, zungumza kwanza na padri. Zoezi hili humzidishia mtu wa namna hiyo mzigo.

"Mawazo yanatangatanga"

*Mimi ni Mlutheri mstaafu. Nikifumba macho kusali, naingia shambani na kwenye pembejeo. Je, upande wetu tuna utaratibu?* – Msomaji, Moshi

Shikamoo mzee. Upo, tena wa Luther mwenyewe. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha namna ya kusali, akamkumbusha kwamba kinyozi hodari huweka macho na mawazo kwenye wembe na nywele. Akizidisha maongezi anaweza kumkata mteja mdomo, pua, au hata koo.

Luther alichukua amri moja na kuipitia mara nne: inanifundisha nini, nashukuru nini ndani yake, natubu nini, naomba nini. Chukua "Usimshuhudie jirani yako uongo." Fundisho ni kwamba jina la mtu ni mali yake. Shukrani ni kwa wale waliowahi kulitetea jina lako usipokuwapo. Toba: ni nani tuliyemsema kijiweni juzi bila uhakika? Ombi liwe la kikao cha kesho, si la maisha yote. Amri moja kwa siku, basi. Akili yenye kazi ya kufanya haitangitangi sana kama ile iliyoambiwa itulie tu.

Pembejeo zikija, weka karatasi pembeni, andika "mbolea", rudi kwenye amri. Likirudi tena na tena, liache liwe ombi lenyewe. Luther anaonya pia juu ya wazo lisemalo subiri kidogo, nitasali baada ya saa moja, nimalize kwanza hili na lile. Wastaafu nao hulisikia, labda kuliko wenye kazi.

"Nasema Mungu kwanza, lakini wiki inapita"

*Nina miaka 27, nafanya kazi, niko kwaya. Nikiulizwa vipaumbele nataja Mungu, familia, kazi. Nikijitazama sioni hivyo. Nianzie wapi?* – Kijana, Nairobi

Anzia kwenye taarifa yako ya M-Pesa. "Kwa kuwa hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako" (Mathayo 6:21), na katika siku zetu hazina hiyo imeandikwa kwa tarehe na saa. Chukua taarifa ya mwezi mmoja, kalamu, na kama dakika ishirini za Jumapili mchana. Sali kwanza Zaburi 139:23: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Kisha pita mstari kwa mstari, polepole, ukijiuliza swali moja: nilikuwa natafuta nini hapa? Kodi na nauli hazihitaji maelezo. Simama kwenye malipo ya usiku wa manane, kwenye makato ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, yanayojirudia, kwenye mchango uliotoa kwa sababu majina yalikuwa yanasomwa, na kwa fundi uliyemwambia "kesho" mara nne.

Usitafute fungu la kumi peke yake ukaridhika. Yesu aliwakemea waliotoa zaka ya mnanaa na bizari wakaacha adili, rehema na imani (Mathayo 23:23). Fundi alipwe kabla ya sare mpya ya kwaya, hata kama mwalimu wa kwaya atanuna.

Chagua badiliko moja kwa mwezi. Ukichagua matano, mwezi ujao utaogopa kuifungua taarifa. Na simu yenyewe ilale sebuleni. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha. Maadamu kengele ya asubuhi iko ndani ya simu, cha kwanza kukufikia alfajiri ni habari za watu, na sala itapata mabaki.

"Je, nisali kabla ya kupatana?"

*Mimi na wifi hatusemezani tangu mazishi ya mama mkwe. Nasali, lakini nasikia kama nadanganya.* – Msomaji, Mombasa

Sali, usiache. Ila tazama ni upande gani ulipo. Marko 11:25 inamhusu aliyekosewa: "kila msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu." Hilo unaweza kulianza pale pale uliposimama, hata kama wifi hajui. Mathayo 5:23-24 ni la aliyekosa: ndugu yako ndiye mwenye neno juu yako, na hapo unaambiwa uiache sadaka uende kwanza. Katika ugomvi wa msiba mara nyingi zote mbili zinamhusu mtu mmoja, kwa hiyo fanya zote mbili.

Kusamehe hakukulazimishi kurudi mahali unapopigwa au kunyang'anywa; kama jambo lenu limefika huko, mshirikishe mchungaji au mzee wa ukoo kwanza. Kama ni maneno tu, nenda mchana, peke yako, bila mashahidi. Taja kosa lako moja kwa jina, omba radhi, nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe". Akikataa kuongea, muage kwa heshima, endelea kumtaja kwa jina katika sala, kisha ujaribu tena baada ya wiki chache. Arobaini au kisomo cha familia kikikaribia, nenda kabla ya siku yenyewe, watu wasije wakawakuta mnaanza upya.