Idi ugenini: sala, pilau na marafiki wa nyumbani

SWALI: Assalamu alaykum, shekhe. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Moshi, niko masomoni Ujerumani. Mji ninaokaa hauna msikiti. Idi al-Fitri hii sisi vijana wa Kilimanjaro, wengine wetu Wakristo, tunataka tukutane tupike pilau kama nyumbani. Ndugu mmoja anasema pasipo msikiti hakuna Idi, na kuwaalika Wakristo ni haramu. Mama naye anataka nifuate mwandamo wa mwezi wa Moshi. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salamu warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu.

Huyo ndugu ana haraka ya kuharamisha. Imamu Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, ametaja kuwa Anas bin Malik, sahaba aliyemtumikia Mtume (s.a.w.), alipokuwa Zawiya, nje ya mji wa Basra, aliamuru wanawe na watu wa nyumba yake wakusanywe, wakasali Idi kwa takbira zake kama wasalivyo watu wa mjini. Na kwetu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, sala ya Idi ni sunna muakkada, yaani iliyotiliwa mkazo, hata kwa msafiri, hata kwa mtu aliye peke yake. Basi salini hapo hapo sebuleni, jua likishapanda na kabla ya adhuhuri: rakaa mbili, ya kwanza takbira saba baada ya ile ya kuhirimia, yaani ya kuanzia sala, ya pili takbira tano. Asalishe anayesoma vizuri zaidi, si mwenye kanzu nzuri zaidi.

Pilau si ibada, ni ada, na ada isiyogongana na sheria hatuna ugomvi nayo. Pikeni.

Kuhusu wageni wenu, Qur'ani (60:8) haikatazi kuwafanyia wema na uadilifu wasiowapiga vita katika dini yenu. Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza kama jirani yao Myahudi amepelekewa. Wewe mwenyewe umekulia Moshi, unajua sahani za pilau zinavyovuka uani siku ya Idi, na Krismasi jirani Mkristo anavyomwita Mwislamu amchinjie mbuzi ili wote wale. Leo ndiyo igeuke haramu kwa sababu mko Ulaya? Sharti ni moja: rafiki wa Marangu akija na bia, mwambieni kwa upole aiache kwake. Meza yenye pombe hamkai.

Kuhusu mwandamo wa mwezi, fuata Waislamu wa huko uliko. Kuraib, huru wa Ibn Abbas, alirudi Madina kutoka Sham (eneo la Syria) akamweleza sahaba huyo kwamba kule mwezi wa Ramadhani ulionekana usiku wa Ijumaa. Madina waliuona usiku wa Jumamosi, na Ibn Abbas akakataa kumaliza saumu kwa mwandamo wa Sham. Imo katika Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi. Msomee mama, ataelewa.

Zakatul-fitri, sadaka ya lazima ya kumaliza Ramadhani, nayo, kwa kauli mashuhuri ya Mashafi, hutolewa mahali ulipokuwa jua la mwisho wa Ramadhani lilipotua. Tafuta Waislamu wahitaji mji wa jirani, uitoe kabla ya sala. Ukikosa kabisa, Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, wameruhusu kuipeleka kwa jamaa wenye shida, hivyo mtumie mtu wa Moshi mapema aigawe kwa niaba yako.

Wallahu aalam.