Kupanda Matamba kwa Hamsini na Saba: jibu kwa mdau anayekwenda kutembelea rafiki zake

Mkuu, umeuliza hivi: rafiki zako uliosoma nao wanaishi Matamba, wilayani Makete, unataka kutoka Dar na familia mwezi wa pili kuwatembelea. Upandie Chimala au uzungukie Njombe, na je, siku moja inatosha? Nina jamaa zangu huko huko, na njia hiyo naijua kwa usukani wangu mwenyewe, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Siku moja haitoshi. Hadi Chimala ni lami mwanzo mwisho, lakini ni lami ya malori ya Zambia na Kongo. Mikumi unakatiza mbugani karibu kilomita 50 na huruhusiwi kukimbia. Ukigonga mnyama unalipa faini. Kwenye mlima wa Kitonga ukikuta lori limekufa kwenye kona, mnakaa. Ukitoka Dar alfajiri utaingia Chimala giza limeshashuka, au limekaribia, na mlima ule haupandwi usiku. Lala Chimala, iko kilomita 78 kabla ya Mbeya. Jaza tangi hapo, angalia upepo wa matairi, lala mapema.

Asubuhi ndipo safari yenyewe inapoanza. Chimala iko kwenye tambarare ya Usangu, joto na mpunga, na ukigeuka kusini unaona ukuta wa mlima umesimama mbele yako. Barabara inaupanda ukuta huo kwa kona 57, ndiyo maana inaitwa Hamsini na Saba. Kona zenyewe ni za kugeuka kabisa: sasa hivi unatazama bonde, mara unatazama mlima, na lile Fuso ulilopishana nalo unaliona paa lake chini ya dirisha lako. Zima redio, fungua vioo, piga honi kabla ya kila kona kisha usikilize. Magari ya viazi yanashuka yamejaa pomoni, na ukisikia moja linaunguruma juu yako, simama mapema pale penye upana, usingoje mkutane kwenye wembamba. Wenyeji hawaoni aibu kurudi nyuma ili mwenzao apite. Nawe usione.

Kadiri unavyopanda, mashamba ya mpunga yanabaki vipande vya kijani huko chini, na watoto wanaanza kudai masweta. Wape. Uwanda wa Kitulo, huko juu unakokwenda, uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake mtu wa Dar hawezi kuikadiria kwa kuambiwa.

Sasa kuhusu mwezi wa pili. Hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu maua ya Kitulo yanachanua msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvua hiyo hiyo ndiyo inayotengeneza utelezi. Mimi bado nakwambia nenda. Hifadhi ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea, ina aina 45 za maua ya okidi, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Nimesimama pale ukungu ukifunguka taratibu, nyasi zote hadi upeo wa macho zina njano, nyeupe na zambarau, na sikutaka kuondoka. Ila ikinyesha usiku kucha, baki Chimala hadi jua lipige barabara. Rafiki zako watakungoja. Na gari likiwa la chini, usilipandishe kabisa msimu huo: liache kwenye nyumba ya wageni, panda na magari ya wenyeji. Njia ya Njombe ina lami hadi Makete mjini na ni nzuri, lakini kutoka hapo kwenda Matamba bado unavuka uwanda kwa barabara yenye sehemu za udongo, kwa hiyo tope hujalikwepa.

Usipande mikono mitupu. Nunua mchele Chimala, kilo za kutosha, maana kule juu ni nchi ya viazi na ngano, na mchele wa Usangu ni zawadi inayopokelewa kwa mikono miwili. Shemeji yangu wa Matamba huupokea kisha anaenda moja kwa moja jikoni kutoa viazi vya kuchemsha vilivyokuwa vinatungoja, maganda yamepasuka, mvuke unapanda, na wote tunasogea motoni na makoti yetu. Mazungumzo ya hapo ndiyo yanayonirudisha mlimani. Panga kulala angalau siku mbili; ukienda kwa kugusa na kuondoka utawaumiza.

Waambie watoto wasichimbe okidi. Viazi vya mizizi yake vilibebwa kwa magunia kwenda Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko, na hilo ni moja ya mambo yaliyofanya uwanda ulindwe. Mkitaka kutembea ndani ya hifadhi, ulizieni ofisi yao pale Matamba, mlipe kiingilio na mchukue mwongozaji.

Kushuka: gia ya kwanza au ya pili tangu kona ya juu kabisa, injini ndiyo ishike gari. Ukikanyaga breki muda wote zitachemka kabla hujafika nusu. Ukisikia harufu, simama zipoe, hata kama nyuma wanapiga honi.

Tuandikie hapa ni gari gani unalo na tarehe zako. Nitawauliza jamaa hali ya barabara wiki hiyo.