Vijipu vya kiunoni

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mmisionari kijana kutoka Dodoma, nahudumu Jinja. Tunafua kwa mikono na kuanika nyuma ya nyumba. Mwenzangu ametokwa na vijipu kiunoni. Kimoja kina tundu linalochezacheza. Ni nini?

JIBU: Pole kwa mwenzako. Dalili hizo ni za buu la nzi wa embe. Nzi jike hutaga kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, kisha buu hupenya ngozi pale nguo inapobana.

Msichokoe kwa sindano! Buu likipasukia ndani, jipu hutunga usaha. Pakeni mafuta mazito ya mgando hadi tundu lizibe, buu likose hewa. Likichungulia, bana ngozi taratibu pande zote mbili litoke zima, kisha osheni kwa sabuni. Akipata homa, au wekundu ukisambaa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kinga yenyewe ni pasi. Ya mkaa inatosha, mradi iwe ya moto kweli na ipite ndani na nje, ukikazia mishono na ukanda wa kiuno. Vijana wengi hunyoosha shati la ibada tu, wakaacha chupi, taulo na shuka, na hizo ndizo zinazogusa ngozi usiku kucha. Anikeni kwenye kamba, juani. Nguo isiyopigwa pasi ikae wiki 2 kabla ya kuvaliwa.