Regulata ya mipira miwili kwa kuponi ya gazeti: waliwezaje, na je, leo uinunue?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nimepata gazeti la wazamiaji la Marekani la mwaka 1957. Ndani mna matangazo yenye kuponi: unaikata, unajaza jina na anwani, unaitia kwenye bahasha pamoja na hundi, kisha unaletewa nyumbani mtungi wa hewa, regulata ya mipira miwili (chombo cha kupumulia hewa ya mtungi, chenye mabomba mawili ya mpira), miwani na mapezi. Hakuna mahali wanapouliza kama mnunuzi amesomea kuzamia. Ni kweli watu waliletewa vitu hivi hivyo hivyo? Nani aliwajazia hewa? Halafu kuna mtu mtandaoni anauza regulata ya aina hiyo, na natamani kuinunua nizamie nayo huku Tanga. Itafaa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Ndiyo, ni kweli. Mtu aliyeishi mbali kabisa na bahari aliweza kuagiza seti nzima na kuzamia wiki hiyo hiyo, ziwani au kwenye shimo la machimbo lililojaa maji. Kuponi ilimletea karibu kila kitu. Vitu viwili tu haikuweza kumletea: hewa safi na mafunzo. Kukosa kimojawapo kuliweza kuua, hata chombo chenyewe kikiwa kizima.

Tuanze na mipira miwili, maana ukiielewa hiyo umeielewa regulata yenyewe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia petroli ilikuwa adimu Ufaransa, na magari mengi yaliendeshwa kwa gesi. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa ametengeneza vali ya kupunguza mgandamizo wa gesi hiyo. Akakutana na Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, na kufikia 1943 walikuwa na chombo kinachotoa hewa pale tu mtu anapovuta pumzi. Walipokijaribu kwenye mto Marne kikawasumbua. Mzamiaji akisimama wima, hewa ilimwagika bure. Akigeuka kichwa chini, ilikuwa ngumu kuvuta. Sababu ni kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa kina tofauti na kile kiwambo cha mpira kinachohisi mgandamizo wa maji. Sentimita chache tu za tofauti zinatosha kuharibu kazi. Dawa yake ikawa kuirudisha pumzi inayotoka mpaka mgongoni, itokee pale pale penye kiwambo. Mpira mmoja unaleta hewa, wa pili unairudisha. Basi hiyo ndiyo siri yote, na ndiyo maana chombo kikawa chepesi kutuma: hakina pampu wala watu wa kukaa juu ya mashua kama mzamiaji wa kofia ya shaba. Kinaingia kwenye boksi.

Marekani kilifika mwishoni mwa miaka ya 1940 kupitia duka la michezo la René Bussoz huko Los Angeles, na biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa U.S. Divers. Gazeti la Skin Diver lilianza Desemba 1951, na matangazo kama uliyoyaona yalikuwemo kwenye kurasa zake. Baadaye hata Sears, kampuni ya katalogi iliyozoeleka kuuzia watu nguo na vyombo vya nyumbani, iliuza regulata zenye jina la Ted Williams, mchezaji maarufu wa besiboli. Uingereza, kwa wasio na pesa ya seti mpya, njia ilikuwa kununua mitungi ya ndege iliyobaki vitani, na mafundi wa nyumbani wakageuza regulata za gesi ya kupikia zikawa za kupumulia. Usiige.

Kuhusu mtungi: uliletwa mtupu. Hewa iliyoshindiliwa ni mzigo wa hatari, na hata leo utaratibu ni kuusafirisha bila mgandamizo. Barua yenye kuponi ilikwenda kwa posta, lakini mtungi wa chuma wa kilo 13 mara nyingi uliletwa kwa huduma ya vifurushi ya reli. Ukiupata wa zamani, futa vumbi begani usome maandishi yaliyogongwa. ICC-3AA2250 maana yake ni chuma cha aina fulani kinachobeba pauni 2250 kwa inchi mraba, yaani baa 155 hivi (baa ni kipimo kingine cha mgandamizo). Hizo herufi ICC, za tume ya Marekani iliyosimamia usafirishaji, zinakwambia mtungi ni wa kabla au karibu na 1970, maana baadaye iliandikwa DOT, yaani wizara ya uchukuzi. Chini yake kuna namba ya mtungi na tarehe kama 6-62: mwezi na mwaka wa kupimwa kwa mgandamizo wa maji, kipimo kinachotakiwa kurudiwa kila miaka 5. Alama ya + baada ya tarehe inaruhusu kuujaza kwa asilimia 10 zaidi.

Sasa fikiria ambacho hakikuwemo kwenye boksi. Seti nyingi hazikuwa na kipimo cha kuonyesha hewa iliyobaki. Hakukuwa na jaketi la kujaza hewa ili uelee. Hakukuwa na kipande cha pili cha kupumulia cha kumpa mwenzako. Kwenye hewa tegemeo lilikuwa vali ya akiba, ambayo mpaka leo inaitwa J kwa sababu ndiyo herufi iliyokuwa nayo kwenye katalogi ya U.S. Divers, ile isiyo na akiba ilikuwa K. Ndani ya J kuna springi inayoziba njia mgandamizo ukishuka hadi pauni 300 hivi. Pumzi inaanza kuwa nzito, unavuta kifimbo kilicho ubavuni mwa mtungi, springi inaachia, unapanda. Mpango mzuri, ila kifimbo kikinasa kwenye mwani au kamba na kushuka bila wewe kujua, akiba unaitumia tangu mwanzo, na pumzi ikiwa nzito hakuna cha kuvuta tena. Pia mjazaji asipokumbuka kushusha kile kifimbo wakati wa kujaza, mtungi haujai sawasawa. Maelezo haya yaliweza kuandikwa kwenye karatasi moja ndani ya boksi. Kuyasoma sebuleni na kuyakumbuka ukiwa na hofu kwenye maji ya giza ni mambo mawili tofauti.

Suti ya kuzamia nayo ilinunuliwa hivyo hivyo. Hugh Bradner, mwanafizikia wa California, ndiye aliyeleta wazo la suti ya neoprini, mpira laini wenye vipovu vya gesi, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na haikuchukua muda zikaanza kuuzwa kwa vipande: shuka la neoprini, karatasi ya vipimo na kopo la gundi. Unakata na kubandika mwenyewe mezani, kisha unapitisha utepe, mara nyingi wa njano, juu ya maungio. Neoprini ya wakati ule haikuwa na kitambaa ndani. Ilibidi ujipake poda mwili mzima ndipo uingie, na ukucha mmoja uliweza kuichana. Nawaheshimu sana watu wale. Waliopenda bahari kiasi cha kujitengenezea suti usiku baada ya kazi hawakuwa wazembe.

Hewa ndiyo iliyokuwa kazi. Kwa kukosa maduka ya kuzamia, watu walikwenda kwa wazimamoto, kwa wauza gesi ya kuchomelea, au walijitafutia kompresa, mashine ya kushindilia hewa. Hapo pana hatari mbili ninazoziona hata sasa. Ya kwanza ni moshi. Injini ya kompresa ikitema moshi karibu na pale inapovuta hewa, kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, inaingia mtungini. Kiasi ambacho juu kingekuletea kichwa kuuma, ukiwa mita 20 kina nguvu mara 3, kwa sababu mgandamizo huko ni mara 3 ya hapa juu. Ya pili ni oksijeni. Wengi wanauita huu mtungi wa oksijeni, na mtu aliyezoea jina hilo akienda kwa muuza gesi ataomba oksijeni na atapewa. Oksijeni tupu kuanzia mita 6 hivi yaweza kukutia degedege ukiwa majini, na humo degedege ni kuzama. Mtungi wetu una hewa hii hii tunayoivuta, iliyochujwa na kukaushwa. Mjazaji wako lazima alijue hilo.

Kosa kubwa la asiyefundishwa halihitaji hata kina kirefu. Kutoka juu ya maji hadi mita 10 mgandamizo unaongezeka maradufu. Ukivuta pumzi kamili ukiwa mita 10, ukaibana, ukapanda, hewa ile itataka nafasi mara mbili ya mapafu yako. Mapafu hayana nafasi hiyo. Yanachanika, na mapovu yanaingia kwenye damu mpaka ubongoni. Hata chini ya bwawa la kuogelea linatosha. Mwogeleaji hodari anayezamia bila chombo amezoea kubana pumzi maisha yake yote, kwa hiyo mazoea yake ndiyo yanayomhatarisha siku ya kwanza na regulata. Anatakiwa afundishwe na mtu aliye naye majini, aambiwe pumua, usiache kupumua, mpaka iwe tabia.

Wamarekani waliliona hilo mapema. Mwaka 1954 Al Tillman, Bev Morgan na Ramsey Parks walitoka Los Angeles kwenda kujifunza kwenye taasisi ya utafiti wa bahari ya Scripps, ambako wanasayansi walikuwa tayari na mafunzo yao, na kutoka hapo ukazaliwa mpango wa kaunti ya Los Angeles wa kufundisha umma. Yakafuata mashirika ya kufundisha na kutoa vyeti vya kuzamia, NAUI 1960 na PADI 1966. Polepole maduka yakaanza kudai cheti kabla ya kujaza mtungi. Ukitazama vizuri, kizuizi kiliwekwa kwenye hewa, kimoja kati ya vile viwili ambavyo kuponi haikuvileta.

Sasa hiyo yako ya mtandaoni. Kama huna cheti, pesa hiyo lipia kozi kwanza, regulata itakusubiri. Kama unacho na unaipenda historia, inunue, lakini usizamie nayo ilivyo. Ilitengenezwa kwa mitungi ya baa 155 hadi 170, na ya leo inajazwa baa 200 na zaidi. Kibano chake cha kuifunga kwenye mtungi huenda kikawa chembamba kwa vali za sasa. Nyingi hazina tundu la kufunga kipimo wala mpira wa jaketi. Mipira na viwambo vya miaka 60 vimekauka. Ukiukunja mpira ukaona nyufa kwenye mikunjo, huo haufai. Vipuri vipya vipo, vinatengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa vifaa vya kale, na fundi anayezijua regulata hizi anaweza kuifufua ikafanya kazi vizuri.

Kabla hujatuma hela, mwombe muuzaji picha ya karibu ya kichujio, kile kipande kidogo chenye vitundu kilichoko pale regulata inapokutana na mtungi. Kikiwa kijani, maji ya chumvi yaliingia ndani. Kikiwa chekundu, kimekula kutu ya mtungi. Kikiwa safi, kina rangi yake ya shaba, endeleeni kuelewana bei. Akikataa kupiga picha hiyo, achana naye.