Jani likishageuka njano umechelewa: kagua machipukizi ya mchungwa

Tawi moja la mchungwa likianza kuwa njano, wengi hukimbilia duka la pembejeo. Kama sababu ni ugonjwa wa kijani wa machungwa, ambao watafiti huuita HLB kwa kifupi, pesa hiyo imepotea. Mpaka dalili zionekane, mti umeshakaa na bakteria miezi kadhaa, pengine zaidi ya mwaka, na dawa ya kuuponya haipo. Shughuli yenye faida ni ya mapema, tena iko juu ya machipukizi, maana hapo ndipo anapotaga mdudu anayeusambaza.

Mdudu huyo ni sailidi wa Asia. Mkubwa ana urefu wa milimita 3 hadi 4, hudhurungi mwenye mabaka, na anajulikana kwa mkao wake: kichwa chini, makalio juu, kama mwiba uliochomekwa jani kwa mshazari. Vidukari hawakai hivyo. Watoto wake ni bapa, wa njano inayoelekea rangi ya chungwa, na hutoa vijiuzi vyeupe vya nta vilivyojisokota. Mayai hutagwa ndani ya mikunjo ya majani yasiyofunguka bado. Jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 800, na kwa joto la nyuzi 25 hadi 28 yai huwa mdudu kamili kwa muda wa wiki mbili hivi. Mtoto aliyenyonya mti mgonjwa hukua na bakteria na kuruka nao maisha yake yote.

Kwa nini sisi wa pwani tuwe na wasiwasi leo? Afrika ina ugonjwa wa kijani wa zamani, lakini bakteria wake na sailidi wake hupenda baridi ya milimani; joto letu lilikuwa kinga. Bakteria wa Asia anastahimili joto, na sailidi wake pia. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba sailidi wa Asia amepatikana Morogoro, mara ya kwanza Afrika Mashariki. Florida, Marekani, ugonjwa ulithibitishwa mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. Msimu wa 2023/24 hayakufika milioni 20. Wale wana pesa, maabara na ndege za kupulizia. Sisi tuna miti michache nyuma ya nyumba na mashamba ya Ndijani, hapa Unguja, basi tuikague.

Ukaguzi wenyewe ni wa karatasi nyeupe na kijiti. Baada ya mvua za masika na za vuli, michungwa inapotoa majani mapya, pita kila wiki. Anza na miti ya pembezoni, kwa sababu sailidi anayeingia kutoka nje hutua huko kwanza. Shika karatasi chini ya tawi, gonga tawi mara tatu, kisha hesabu vinavyoanguka. Fanya hivyo pande nne za mti. Halafu chuma machipukizi mawili au matatu, yafungue kwa kucha, uyaangalie kwa kioo cha kukuzia. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwa safu kwenye chipukizi, simama hapo hapo: wanafuata utamu unaotolewa na watoto wa sailidi au vidukari, na wanawalinda dhidi ya maadui zao. (Sisimizi waitwao maji moto ni habari nyingine. Kwenye minazi yetu wanamla kunguni anayeangusha nazi changa, kwa hiyo usiwachome moto kwa hasira za michungwa.)

Sasa njano yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapong'oa miti mizima bure. Ardhi ya maweni ina chokaa nyingi, na mchungwa uliopandwa humo hukosa zinki, chuma na manganizi hata kama virutubisho hivyo vimo ardhini. Chuma jani lililokomaa, likunje kwenye mshipa wa kati, lielekeze juani. Mabaka ya nusu moja yakiangukia sawasawa mabaka ya nusu ya pili, mti una njaa. Yasipolingana, huku baka kubwa na kule kijani kitupu, shuku HLB. Njaa ya zinki huanza kwenye majani mapya, madogo na membamba, na aghalabu huonekana mti mzima. Ya magnesia huanza kwenye majani ya zamani na kuacha pembe ya kijani karibu na kikonyo. HLB kwa kawaida huanza na tawi moja, mengine yakiwa mazuri tu.

Tunda nalo hutoa ushahidi, ila jina la ugonjwa lisikupotoshe. Chungwa la Unguja au Pemba huiva likiwa kijani kwa sababu usiku wetu hauna baridi, na hilo si ugonjwa. Tunda la HLB ni dogo, limepinda upande, rangi huanzia kikonyoni na kitako hubaki kijani, mbegu zake ni nyeusi zilizosinyaa, na ladha ni chungu. Lipasue kutoka kikonyoni hadi kitako: mhimili wa kati haunyooki.

Kuna kipimo cha shambani kinachosaidia. Sugua jani linaloshukiwa kwa kipande cha msasa mara kama kumi, tia msasa huo kwenye kifuko cha plastiki chenye kijiko kidogo cha maji, ongeza matone machache ya ayodini ya duka la dawa, utikise. Maji yakigeuka meusi ndani ya dakika mbili, jani limejaa wanga, na HLB huziba njia za chakula ndani ya mti hivyo wanga hubaki kwenye majani. Pima na jani la mti wa karibu usio na ugonjwa, saa ile ile, ulinganishe. Tawi lililobanwa na waya au mizizi iliyooza pia huleta weusi huo, kwa hiyo kipimo hiki ni cha kushuku tu. Uthibitisho ni PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya bakteria.

Ukikuta watoto wa sailidi, mwarobaini unafaa. Twanga kokwa za mbegu kavu, gramu 50 kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 16 linataka gramu 800. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike majani, upulizie jioni, kwani jua huvunja nguvu yake. Usipulizie wakati wa maua, nyuki wamo kazini. Sumu kali za dukani huua pia kijinyigu kinachotaga chini ya watoto wa sailidi. Kwenye kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi, kijinyigu hicho kililetwa miaka ya 1970 na kikapunguza sailidi sana.

Mti ukithibitishwa ni mgonjwa, kukata tawi la njano hakufai: bakteria huwa wameshafika mizizini kabla ya jani kubadilika. Pulizia dawa kwanza, maana ukiangusha mti wenye sailidi unawafukuza wahamie kwa jirani. Kisha kata, ung'oe na kisiki. Chipukizi la kisiki huota likiwa gonjwa.

Mche ndio mlango mkubwa kuliko yote. Jicho moja la kubebeshea kutoka mti mgonjwa linatosha kuambukiza mche mzima. Nunua kwenye kitalu chenye wavu unaozuia wadudu na milango miwili, ukaulize macho yametoka mti gani. Mche wa mvuje wa jikoni, ule wa majani ya mchuzi, pia humlea sailidi, usiuvushe na majani kutoka bara. Ukiagiza machungwa Muheza, yapande boti bila majani wala vijiti.

Sampuli ya kupeleka kituo cha utafiti wa kilimo cha Kizimbani, Unguja, iwe majani kumi yenye mabaka, kila moja na kikonyo chake, yamefungwa kwenye karatasi kavu na si plastiki, juu yake pameandikwa shehia na tarehe. Usiyakate vikonyo: bakteria wamejazana humo na kwenye mshipa wa kati, na hapo ndipo maabara inapochukua kipande chake. Sailidi utakaowakamata watie kwenye kichupa cha spiriti, wasisafiri wakiwa hai.