Ukiambiwa "dawa hakuna", uliza kwanza

"Dawa hakuna, kanunue nje." Sisi tunaouguza watu wenye presha au kisukari tumeizoea kauli hiyo. Mimi ndiye ninayemchukulia mama dawa zake, na ushauri wangu ni huu: usibanduke dirishani kabla ya kuuliza kama dawa imeisha, au kituo hicho hakitakiwi kuwa nayo kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, na huipitia upya kila baada ya miaka miwili. Nchi nyingi zina orodha zao, na aghalabu dawa hupangwa kwa ngazi: hizi za zahanati, zile hadi hospitali ya rufaa. Dawa ikiwa ya ngazi ya juu, kumfokea muuguzi wa zahanati ni kumwonea bure, omba rufaa. Ikiwa ni ya ngazi hiyohiyo na imeisha, uliza iliagizwa lini, kisha peleka malalamiko kwa maandishi. Manung'uniko ya kwenye foleni hayamfikii anayeagiza dawa.

La pili, na kwangu ndilo kubwa: jua jina halisi la dawa, si lile la kibiashara. Orodha za taifa hutumia jina halisi. Mama aliwahi kuandikiwa dawa kwa jina la kampuni, na bei tuliyotajiwa dukani ilitutoa jasho. Nikamwomba mfamasia anisomee yale maandishi madogo chini ya jina kubwa: amlodipini, miligramu 5. Kumbe rafu ya chini palikuwa na amlodipini hiyohiyo ya kampuni nyingine, bei yake haifiki hata nusu. Nilichokagua ni usajili wa mamlaka ya dawa na tarehe ya kuisha muda, basi.

Kwa dawa mpya zenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kumiliki uvumbuzi wake peke yake kwa muda, ujanja huo haufui dafu, maana hakuna kampuni nyingine inayoruhusiwa kuitengeneza. Hapo kazi ni ya serikali. Azimio la Doha la mwaka 2001, la nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, lilithibitisha kwamba nchi inaweza kutoa leseni ya lazima ili dawa itengenezwe bila ridhaa ya mwenye hataza. Kama serikali ina ubavu wa kufanya hivyo ni habari nyingine.

Ila dawa za kifafa, na zile za kuzuia damu kuganda kama warfarini, usibadilishe kampuni kabla ya kuongea na daktari. Tofauti ndogo tu ya kiasi kinachoingia mwilini inaweza kumrudishia mgonjwa degedege, au kumfanya avuje damu.